Mama Amefagia Chini ya Linden

Jumanne usiku, Agosti

Amefagia mpaka mizizi imetokeza. Nimetoka kazini hospitalini miguu ikiwaka moto, nikamkuta Mama nyuma ya nyumba na ufagio, jasho linamtiririka, anatabasamu. Vile vipande vya mbao nilivyotandaza chini ya mti wa linden ili udongo usikauke na hili jua la Dallas, vyote amevitia kwenye mifuko ya taka.

"Nimekusafishia boma," akasema. "Wageni wakija wangesema nini?"

Wageni gani, Mama? Hapa ni nani hutupitia?

Na majani yameshaanza kuungua pembeni. Mti wenyewe niliupanda kwa ajili yake, siku moja akae nje kivulini, maana mchana kutwa yuko ndani peke yake, na kila jioni ananiuliza atarudi Kenya lini. Nilitaka kumweleza kazi ya vile vipande. Nilichoka. Nikasema asante.

Leo hajauliza mambo ya kurudi. Tukila aliuliza tu kesho afagie wapi.

Nikamwambia, "Pale pale, chini ya mti." Asubuhi kabla ya shift nitaimwaga ile mifuko, apate cha kufagia. Mti huu ukikauka, tutapanda mwingine.