Namba Aliyoikariri Phelister

Kware, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa dada yangu mpendwa Nakhumicha,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Wafula na Wesonga na wadogo zake wote. Mguu wa shemeji umepona? Mara ya mwisho ulisema anauchovya kwenye maji ya chumvi kila jioni na hospitali amekataa katakata, nikacheka peke yangu, maana huyo ndiye Wafula ninayemjua. Mahindi nayo yamefika wapi? Huku mvua inanyesha mpaka maji yanateremka kwenye ngazi za ploti yetu ya kupanga, na nguo hazikauki. Mimi kimwili sijambo. Moyo ndio haujatulia, dada, na sioni sababu ya kukuficha.

Najua umeshangaa kupata barua kutoka kwangu. Tangu nilipomaliza shule sijawahi kukuandikia hata mstari, na utasema mbona nisipige simu kama watu wengine. Simu ndiyo iliyonitia katika haya yote. Kwa hiyo naomba ukae chini, usome mpaka mwisho, na usimpigie mtu yeyote kabla hujamaliza, hasa usinipigie mimi.

Unaijua kazi yangu ya kiwanda cha mabeseni, kukata kingo za plastiki zinazobaki beseni likitoka kwenye mashine. Sisi ni vibarua, hatuna barua ya kazi. Jioni kabla hatujatoka, msimamizi wetu Kyule hutupanga foleni langoni na kila mtu anataja namba yake ya simu kwa sauti. Kyule anaibonyeza kwenye simu yake, na wale anaowataka kesho huwapigia. Ukitaja kwa sauti ndogo anakurudisha mwisho wa foleni, eti hawezi kuajiri mtu anayenong'ona. Mimi naitaja kwa sauti yangu ya kwaya, namba yote mpaka mwisho, na siku nyingi napigiwa. Nilikuwa najivunia jambo hilo.

Mwezi uliopita nikapigiwa na mwanamke, akaniita mama Celine. Akasema yeye ni mwalimu wa chekechea huko Mukuru kwa Reuben, mtoto ana homa, nije nimchukue. Nikamwambia sina mtoto anayeitwa Celine. Akanikaripia, akasema wazazi wa siku hizi wanaruka hata watoto wao. Nilifikiri ni matapeli, unajua hapa mjini kila siku kuna mbinu mpya. Nikakata. Baada ya siku chache wakapiga watu wa kliniki, wakamtaka mama Celine huyohuyo. Hapo nikaanza kuogopa kidogo, nikawaza labda mtu ameiba kitambulisho changu. Mwalimu alipopiga tena nilimbembeleza anieleze huyo mama yukoje. Akasema ni mwembamba, anafanya kazi kiwanda cha mabeseni, anaitwa Phelister.

Phelister tulikuwa tunakaa naye benchi moja, dada. Alikuja kabla ya Pasaka, mtu wa upande wa Homa Bay, mtulivu sana. Mara nyingine nilimwita na hakuitika, nikadhani anaringa. Hakuwa na simu. Alikuwa anakuja langoni kila alfajiri bila kupigiwa, anasimama pembeni mpaka Kyule akose mtu.

Nilimshika wakati wa chakula cha mchana, tukiwa kwenye kibanda cha githeri. Nilimwambia waziwazi kwamba namba yangu si choo cha soko kila mtu aingie. Nilitegemea atabisha au atalia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliweka kijiko chini, akaniomba msamaha, kisha akanisihi nisibadilishe laini. Na mwanaume akipiga, nimwambie amekosea namba. Nikamuuliza mwanaume gani, akaokota kijiko chake. Nikamuuliza kwa nini alichagua yangu kati ya namba zote za Nairobi, akaendelea kula. Nilikasirika, nikahamia benchi lingine, na mchana wote sikumsemesha.

Mwanaume akapiga. Sauti yake ilikuwa laini, Kiswahili cha polepole, akanisalimia vizuri na hata akaniuliza kama nimekula. Akasema anamtafuta mke wake Phelister. Nikasema amekosea namba kama nilivyoambiwa. Akanishukuru, akanitakia siku njema. Baadaye kidogo nikaona ujumbe kwamba nimetumiwa pesa ya soda na mtu anaitwa Gordon. Mimi mjinga nikafurahi, nikadhani kuna mtu amekosea, nikangoja apige nimrudishie. Akapiga kweli. Ila safari hii aliniita Nabalayo.

Fikiria, dada. Hapa Nairobi mimi ni Vivian. Kazini ni Vivian, kanisani ni Vivian, kwenye ploti ni Viv. Nabalayo naitwa na wewe na watu wa kwetu tu. Unajua vile ukimtumia mtu pesa jina lake lote linatokea. Alitoa hiyo ya soda ili asome jina langu. Akasema binti Wekulo, mimi sina ugomvi na wewe, nipe mke wangu na mtoto wangu. Nilikata simu, kisu cha kazi kikaniponyoka, na Kyule akanituma nikapange mabeseni badala yake.

Jambo linalofuata ni kosa langu mwenyewe. Wiki hiyohiyo mwanamke alinipigia, mchangamfu, akasema ameniletea mzigo kutoka nyumbani, yuko pale stendi ya Pipeline, sasa aulete wapi. Nilifikiri ni wewe umenitumia simsim na ndizi kama kawaida yako. Namshukuru Mungu sikutaja jina lako. Lakini nilimwelekeza vizuri kabisa: Kware, ghorofa yenye duka la Burale chini, ngazi ya kulia, mlango wa mwisho. Nikamngoja mpaka chai ikapoa. Hakuja.

Kesho yake nilipotoka kazini, Burale mwenye duka akaniita. Akaniambia, "Vivian, shemeji yako alipita. Msee mpole sana. Amekulipia mkate, anasema umsalimie mke wake." Mkate ulikuwa pale juu ya kaunta umefungwa vizuri. Nikamwambia Burale sina shemeji Nairobi. Akaacha kutabasamu. Mkate ule sikuula na sikuutupa, niliuacha palepale kwake kwa sababu niliogopa hata kuugusa.

Siku iliyofuata nilimvuta Phelister nyuma ya stoo ya kiwanda nikamwambia leo utasema au tutapelekana polisi. Nilipomweleza habari ya mkate alikaa chini kwenye vumbi. Ndipo akasema. Huyo Gordon ni mume wake, dereva wa lori, mtu anayejua kila barabara ya nchi hii. Alimpiga akiwa amembeba mtoto mgongoni, na sikio lake la kushoto halisikii tena tangu siku hiyo. Kumbe nilipokuwa nasema anaringa nilikuwa nimekaa upande huo. Alitoroka na Celine na nguo walizovaa, akatupa laini yake kwenye shimo la choo kabla hajapanda basi, maana kwa simu ndivyo alivyokuwa anapatikana kila mara. Alipofika chekechea wakamwambia bila namba ya mzazi mtoto hapokelewi. Hakuwa na namba yoyote kichwani isipokuwa ile aliyokuwa anaisikia kila jioni langoni, mimi nikiitaja kwa sauti. Akaitaja. Ikabaki hivyo kila alipoulizwa.

Nikamuuliza Gordon aliipataje. Hapo ndipo alipolia. Alimkumbuka mama yake. Kuna jirani wa kwao alikuwa anakwenda matangani huko kijijini, akampa namba ile ampelekee mama, ili akiugua apige. Gordon akaenda kwa mama mkwe na sukari, akapiga magoti, akalia. Ng'ombe wake wa mahari wako kwenye boma la mama yule, na mama anataka binti arudi kwake kwa heshima. Akampa namba. Alidhani anaponya ndoa ya mtoto wake, na sina nguvu ya kumlaumu, kwa sababu hata marehemu mama yetu angeweza kufanya hivyo.

Tulikwenda kituo cha polisi. Wakaniuliza amenitishia kwa maneno gani. Nikasema amenitumia pesa ya soda, na ameninunulia mkate. Wakacheka, wakasema wangependa na wao watishiwe hivyo. Phelister wakamwambia mambo ya nyumbani yanamalizwa nyumbani, na awape namba ya mumewe wamwite wapatanishwe. Tukatoka bila kuandikisha chochote.

Sasa naja kwenye jambo lililonifanya nitafute karatasi, na naona haya kukuandikia.

Ijumaa Gordon alinipigia nikiwa kazini. Alisema mimi ni mtoto wa watu, nina maisha yangu, hana haja na mimi. Anachotaka ni jina la shule ya mtoto tu. Nikimtajia, atalisahau jina langu. Kisha akanielezea pazia la chumba changu, lile la kijani ulilonipa wewe, na kiraka chake. Dada, nilifungua mdomo. Jina la shule lilikuwa kwenye ulimi wangu na nilishaanza kulisema. Kyule akanipigia kelele niweke simu chini, mashine imetoa mzigo, na simu ikakatika. Ungependa kusikia kwamba nilikuwa jasiri. Sikuwa. Mtoto yule ameokolewa na msimamizi mwenye hasira, na mpaka sasa mimi najua kwamba ningelitaja jina la shule. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Namwogopa Gordon, lakini naogopa zaidi mdomo wangu.

Nilimwambia Phelister vilevile nilivyokuandikia. Hakunitukana. Akaniuliza tu aende wapi. Na mimi katika watu wote niliwafikiria nyinyi. Wazazi wetu hawako tena, kwa hiyo jina la Wekulo likimpeleka Gordon kwetu Kimilili atakuta boma lisilo na mtu wa kuulizwa. Wewe hapo Kiminini unajulikana kwa jina la mama Wesonga, na laini yako ina jina la shemeji. Hakuna anayeweza kukufikia kupitia kwangu, isipokuwa mimi mwenyewe nimlete.

Kwa hiyo, dada, mgeni aliyekuletea barua hii, aliyejitambulisha kwako kama Millicent muumini mwenzangu, ndiye Phelister. Mtoto aliye naye ndiye Celine. Nisamehe kwa kuwatuma kabla ya kukuomba. Najua anakutazama sasa hivi unavyosoma, na hajui utasema nini.

Wakipata kukaa kwako kidogo, shemeji awapeleke kwingine, kwa shangazi zake au kwa watu wa kanisa lenu, mahali ambapo mimi sipajui. Usiniambie ni wapi. Hata kwamba uliwapokea usiniambie. Gordon akinipigia tena, na najua atanipigia, nataka niwe sina la kumtajia hata nikitaka. Namba yangu siizimi. Nikiizima atajua Phelister ameondoka, ataanza kutafuta njia nyingine. Ikiendelea kuita ataendelea kuamini yuko hapa Nairobi, na kila siku anayoipoteza kwangu ni siku ya Phelister. Burale ananitafutia chumba ploti nyingine, na jioni kazini nitaitaja namba yangu langoni kama kawaida, ingawa sauti ya kwaya imeniishia.

Maana yake, wewe na mimi hatutapigiana simu tena kwa muda. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa maana hapa mjini sina mwingine. Niombeeni. Wasalimie watoto, mwambie Wesonga asome, na mwambie shemeji mguu ule hautapona kwa chumvi.

Ukimaliza barua hii ichome jikoni, kisha umgeukie Phelister umwambie karibu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Nabalayo