Vidole Vyako Vimehamia kwa Wambui

Mama Wambui,

Najua utashangaa mimi kushika kalamu. Nimeandika mwenyewe, na mwandiko wangu bado unashinda wa chifu.

Unakumbuka vile vidole vyako vilikuwa vinavimba asubuhi, hata kufunga kifungo cha sweta ni kazi? Daktari wa hospitali ya Hurlingham alisema kinga ya mwili wako inakula viungo vyako, akakuandikia dawa ya kuituliza. Mimi nikakataa. Nani anapunguza kinga? Nikakuchemshia supu ya mifupa na mizizi, nikasema, "Kunywa, kinga ipande." Ukanitazama. "Sawa, Baba Wambui, wewe ndiye unajua."

Vidole vikapinda, ugonjwa ukashika mapafu, tukakuzika.

Sasa ugonjwa huo uko kwa binti yetu Wambui. Fundi mzima wa nguo, na mkasi unamshinda. Dawa alipewa akaweka kabatini. "Si wewe ulitufundisha kinga haipunguzwi?"

Wiki jana nilimpeleka Hurlingham mwenyewe. Daktari, msichana mdogo tu, akasema chembe za mwili hupelekeana ujumbe. Moja ikisema kuna adui, hata kama hakuna, nyingine inapokea, inapitisha, mpaka zote zinashambulia. Hiyo dawa inakata ujumbe njiani. Lazima apimwe damu kila mara, maana hata ujumbe wa kweli unaweza kukatika, na magonjwa yaingie.

Nilielewa kabla hajamaliza. Nani alikuwa soja, mlinzi wa geti, kama mimi mtaa mzima wa Muthangari? Nilikuhadithia ile siku soja mmoja alipiga firimbi, sisi tukaipokea geti kwa geti, tukakimbia na marungu, tukampiga mwenye nyumba akiruka geti lake kwa sababu amepoteza funguo. Rungu langu ndilo lilifika kwanza. Ulicheka mpaka ukaweka sufuria chini. Hakuna kati yetu aliyeuliza firimbi ya kwanza ilikuwa ya nini.

Tuliporudi nyumbani Kabiria nikatoa dawa kabatini, nikamwekea mezani na maji.

"Meza."

"Mzee, leo umegeuka?"

"Meza, Wambui."

Akanitazama, yale macho yako kabisa. "Baba, unaogopa?"

Hapa Kabiria hakuna mtu amewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia ndiyo, naogopa sana.

Akameza.

Mama Wambui, hata wakati ulikuwa unakosa pumzi na mimi nimekushika mkono, nilikuambia siogopi kitu. Nilikuwa naogopa. Heri ningesema.

Pumzika sasa. Huyu nitamwangalia.

Mume wako,
Baba Wambui