Breki Isiyobisha Hodi

Kaka Bakari,

Assalaam aleikum. Najua salamu kwa marehemu hutolewa kwa mdomo, tena mtu akiwa amesimama pale pale makaburini, lakini leo mvua imenizuia na moyo umekataa kungoja. Ni mimi Somoe, mdogo wako, yule uliyezoea kumwambia ana mdomo kama cherehani. Siku hizi cherehani imepungua kazi. Wa kubishana naye ndiye wewe, na wewe umekwenda.

Nina habari za pikipiki yako.

Siku ya arobaini watu walisoma, wakala, wakaondoka, wazee wakabaki barazani na mambo ya mali. Sheikh akaeleza mafungu yake ya mirathi, na wazee wa upande wetu wakaeleza desturi, kwamba cha mjomba humwendea mpwa. Mkeo, wifi yangu, yumo ndani kwenye eda, akawakata kauli bila kutoa hata kichwa: “Pikipiki mpeni Shaibu. Mimi siitaki machoni.” Basi ikawa ya Shaibu, mwanangu wa pekee. Watu wakanipa mkono wa hongera. Hongera ya nini? Ya kupewa chuma kilichomuua kaka yangu nimpandishe mwanangu? Nilitamani kuwatukana wote, na mchele wao walioubeba kwenye vitambaa.

Unajua ilivyokuwa kuliko mimi, lakini niache niseme, maana hapa hakuna anayetaka kuisema. Ulikuwa unateremka mlima wa Mikindani na magunia ya kambale wakavu uliowatoa Kitaya. Breki ya nyuma ulishaimaliza zamani kwa mizigo, ukawa unategemea ya mbele. Na mpira wa breki ya mbele, ule unaopeleka mafuta kutoka kwenye kishikio mpaka chini kwenye gurudumu, ulikuwa umechakaa, umepasuka ngozi kama kisigino cha mtu wa shamba. Ukibana kishikio unavimba kwanza, ndipo breki ishike. Siku ile ulivimba ukapasuka, na lori lilikuwa mbele yako.

Ulikuwa unajua! Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na haijapoa. Fundi Mchopa alikuambia. Mimi nilikuambia mpaka nikakauka koo. Nawe ukajibu kwa maskhara yako: “Breki yangu ina adabu, inabisha hodi kwanza.” Kwa sababu ilibidi uivute mara mbili, kishikio kinagonga usukani, ta, ta, ya kwanza laini, ya pili ndiyo inakamata. Mtaa mzima wa Rahaleo waliijua. Mimi nikiwa uani nasuka ukili wa mkeka, nikisikia ta, ta, naita “Karibu!” kabla hujazima injini. Na tulikuwa tunacheka, kaka. Tunacheka na kitu kinachokuua.

Fundi Mchopa alinyoosha vilivyopinda, akafunga mpira mwingine alioutoa kwenye pikipiki mbovu nyuma ya gereji yake. Mchovu vile vile. Shaibu akaja nayo, akapitia kwanza nyumbani kwako kumwamkia wifi, mimi nikiwa mlangoni pake. Ta, ta. Ulimfundisha wewe kuendesha, kwa breki hiyo hiyo, hivyo mkono wake haukujua kuvuta mara moja. Wifi akaitika kutoka ndani: “Karibu!” Kwa sauti ile ya zamani, ya mke anayesubiri kitoweo. Halafu akalia kilio ambacho hakukitoa hata siku ya maziko. Shaibu alibaki ameshika usukani, hajui ashuke au aondoke.

Jioni ile nikamwita jirani akanifungulia gurudumu la mbele, nikalisukuma chini ya kitanda changu. Shaibu akanuna. “Mama, watu watasema unalala na gurudumu.” Wewe unamjua baba yake. Afadhali gurudumu.

Nikaenda Mikindani kwa yule Mhindi wa duka la spea, mtani wako. Aliponiona akavua kofia, akakaa nayo mapajani. Akaniambia upo mpira wa breki wa namna nyingine, uliovikwa waya wa chuma, na kwamba wewe alikwisha kukutajia, ukamjibu utauchukua msimu wa korosho ukiisha. Msimu umekwisha, kaka. Nikamwambia aagize. Barabara ya Dar ilikuwa imekatika kwa mvua, mzigo ukaja kwa meli, na siku zote hizo nililala juu ya lile gurudumu na mwanangu hasemi nami ila salamu.

Ulipofika niliukalisha kwenye kanga nikautazama. Ndani mpira, nje nyuzi nyembamba za chuma kisichoshika kutu, zimesukwa moja juu moja chini, kama ukili. Niliupitisha vidoleni nikitafuta paliposukwa vibaya, sikupaona. Fundi Mchopa akanieleza: mpira mtupu ukiubana unatanuka, nguvu ya mkono inapotelea humo, huu umebanwa na waya, hauna pa kuvimbia, ukigusa tu, gurudumu limesikia. Na chumvi ya pwani yetu hii haiuwezi. Lakini naye hakukosa neno. “Mama Shaibu, kwa pikipiki ya kubebea samaki?” Nikamwambia, kwa pikipiki ya kumbeba mwanangu, funga.

Akafunga mpira, akarudisha na gurudumu nililomletea, akatoa hewa kwenye mafuta, akajaribu. Akanikabidhi na ule wako uliopasuka, alikuwa ameuhifadhi akidhani tutautaka kwa ukumbusho. Nimeutumbukiza chooni. Unisamehe au usinisamehe, shauri yako.

Nikadhani yamekwisha. Shaibu akatoka nayo gereji, nami nimetangulia nyumbani namngojea mlangoni. Akakata kona yetu, ile yenye mchanga. Akakamata breki kwa kiganja kizima, kama ulivyomfundisha, akijua ya kwanza ni ya bure. Haikuwa ya bure. Gurudumu lilikwama papo hapo, naye akaruka juu ya usukani mbele ya macho yangu.

Nilikaa chini. Nilisema tu moyoni, Somoe, umeua. Kisha nikaona anainuka, kiwiko kinachuruzika damu, jino la mbele limevunjika nusu, na anacheka, mjinga yule, anacheka kama wewe. Nikanyanyuka nikamzaba kofi, halafu nikamkumbatia, halafu nikamzaba jingine.

Nilitaka ile breki ing'olewe siku ile ile. Fundi Mchopa akakataa katakata. “Breki ni nzima, Mama Shaibu. Mkono ndio wa mjomba wake.”

Basi kila alasiri nikawa naandamana naye mpaka kiwanja cha shule. Vidole viwili, namwambia. Mara moja, taratibu. Anakwenda mpaka golini, anageuka, anakuja kwangu, anasimama. Akivuta mara mbili namfokea. Watoto wa madrasa walikuwa wanapanga mstari kutazama mama mtu mzima, kanga kiunoni, anamfokea kijana mwenye ndevu. Wengine wakaanza kuitikia pamoja nami: “Moja! Moja!” Shaibu aliona aibu mpaka ikamwisha.

Wao waliona kichekesho. Mimi nilijua ninachofanya. Ule mvuto wa pili haukuwa wake, ulikuwa wako. Nguo zako tumezigawa. Kitanda chako wifi amekigeuza upande. Sauti yako, nasema kweli, imeanza kunipotea. Nikiitafuta napata maneno tu, sauti hamna. Ulikuwa umebaki mzima mahali pamoja, kwenye mkono wa kijana huyu, na mimi wa tumbo moja nawe ndiye niliyesimama juani siku baada ya siku nikikutoa humo. Siku aliyosimama mara zote bila kukosea, watoto walipiga makofi. Mimi niligeukia ukuta wa shule nikalia.

Kisha nikamwambia, sasa twende Mikindani. Hakutaka kunipakia. Nikapanda nyuma nikamshika kiuno, tukauanza mlima. Katikati ya mteremko, karibu na pale pako, mbuzi wa mtu akakurupuka kichakani akakata barabara. Shaibu akabana. Mara moja tu, vidole viwili. Pikipiki ikatulia kama mtu aliyeambiwa kaa. Mbuzi akatutazama, akaenda zake. Tukashuka, tukakusomea Fatiha tumesimama pembeni ya lami, mpaka kwenye amina.

Sasa anakwenda Kitaya na kurudi, na samaki wake. Anafika mzima. Hilo ndilo nililolitaka na Mungu amenipa, sina la kumlalamikia. Lakini anafika kimya, kaka. Leo ameingia uani nimempa mgongo, nimeshtuka kumwona amesimama na ndoo. Wifi ametoka eda, amenenepa kidogo, anacheka siku moja moja. Juzi nilikuwa naye barazani kwake, pikipiki ikapita na kusimama kwangu. Hakunilaumu, alisema tu kama mtu anayetaja hali ya hewa: “Siku hizi haibishi hodi.” Nilimpa ukili anishikie.

Mvua inaelekea kukatika, nami karatasi inakwisha. Nakuahidi hivi, kaka Bakari: mpira ule hautatolewa na mtu wakati mimi nipo hai, na mwanangu haji huko kwako kabla yangu. Kama unakaa kwenye njia unatazama nani atafika, usimtazamie yeye, nitazamie mimi. Nitakuja kwa miguu yangu, na mdomo wangu. Nitagonga mara mbili, ya kwanza laini.

Uitike.

Somoe