Kidonge cha Kila Asubuhi

Nyumba za Reli,
Nakuru.

Mama mkwe wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko nilivyozoea kukuletea, kwa sababu safari hii hata maneno ni mengi. Mgongo wako unaendeleaje? Na baba, ameanza kutoka nje kuota jua, au bado anagombana na kile kikohozi? Sisi huku hatujambo. Mwanao Wandera ameondoka jana na treni ya mizigo ya kwenda Eldoret, na nguo zake nimezifua mpaka mikono inauma lakini mafuta ya injini yamekataa kutoka. Mimi ni mzima. Na yule ambaye hajapata jina, huyu anayenipiga mateke hata sasa ninapoandika, ni mzima kutushinda sote.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu unanijua. Mimi ni mtoto wa Keringet, nimekulia kwenye shamba la mzungu ambako baba yangu alikamua ng'ombe, na lugha yenu naielewa ikisemwa lakini kalamu yangu haiijui. Shemeji Petero atakusomea. Petero, wewe ni mwalimu, soma kila neno, usiruke mahali kwa kuona haya.

Mama, ujumbe wako ulifika. Umesema nije nijifungulie nyumbani, mtoto apokelewe na nyanya yake na apewe jina la watu wa huko, kama ilivyo desturi. Nilifurahi sana. Halafu ukasema nije, lakini nisije na dawa yoyote ya homa, maana tunajua dawa ilifanya nini mara ile. Hapo chakula kilinishinda. Si kwa hasira, mama. Ni kwa sababu hata mimi nimekuwa nikilala na wazo hilo hilo na kuamka nalo.

Tuseme wazi, maana sisi wawili ndio tuliokuwa ndani ya ile nyumba. Tulikuja kwenye matanga ya bibi yake Wandera nikiwa na mimba, na kabla watu hawajatawanyika homa ikanishika. Wewe ndiwe uliyenishika kichwa. Dresa wa zahanati akaletwa na kwinini yake, nikanywa, na kabla jua halijazama mtoto akatoka. Ulimfunga kwa leso yako mwenyewe, ile ya maua mekundu. Sasa mtu akiona kwinini inaingia na mtoto anatoka, atasema nini? Ningekuwa wewe ningesema vivyo hivyo.

Wandera naye alipousikia ujumbe wako akaapa kwamba hanipeleki huko kwenu ziwani bila dawa. Nikabaki katikati. Nisipokuja, nitaitwa mke wa mjini mwenye maringo. Nikija bila dawa, mbu wenu hawana huruma na mtu wa Keringet, huko kwetu baridi haiwaachi mbu waishi na damu yangu haijazoea homa. Na nikija na dawa, mama mkwe atanitazama kila nikimeza, akimkumbuka mjukuu wake. Niliogopa hilo la mwisho kuliko mbu.

Unajua tabia ya watu wa nyumba hizi. Mtu akisafiri, kila mlango hutoa kitu, huyu sukari, yule sabuni, mwingine kitambaa cha kumpelekea mama. Wandera, bila kuniuliza, alitangaza kwamba mke wake anatafuta dawa ya kuzuia homa. Basi walikuja wakachanga vidonge! Wa kwanza alikuwa jirani yetu tunayemwita Koplo, aliyepigana vita vya Burma. Alileta vya njano, vimekaa kwenye soksi tangu avue sare.

"Hizi ndizo zilitutoa Burma," akaniambia. "Meza tu, usiogope. Utageuka njano kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama ndizi. Lakini itaisha."

Halafu akaja Mama Tabitha wa nyumba ya pili, yule yaya anayelea watoto wa wazungu kule mlimani. Yeye alileta vyeupe alivyoachiwa na memsahibu aliporudi kutoka safari ya pwani. "Yeye anakula moja tu kwa wiki, kila Jumapili akitoka kanisa," akasema. "Hii ni dawa ya heshima." Wandera naye akanunua kwinini dukani, akiamini kwamba dawa chungu ndiyo dawa.

Mama Tabitha hapendi vitu kutapakaa. Alichukua mkebe wa kakao, akavimimina vyote humo, akautikisa ili vikae vizuri na kifuniko kifunge. Sisi tunamtazama tu! Alipomaliza ndipo tukaangalia ndani. Vya njano vilijulikana, lakini vyeupe vyote vilikuwa vimekuwa ndugu. Tukaanza kubishana kipi ni cha Jumapili na kipi ni kwinini. Koplo akasema, "Kwani zote si za homa? Tumbo litajichagulia lenyewe."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu kicheko kikakatika, nikafunga mkebe. Mtoto aliyebaki ni huyu mmoja, na nilikuwa naombwa nimchezee bahati nasibu.

Asubuhi nikaenda hospitali ya serikali na mkebe wangu ndani ya kikapu. Daktari ni Mhindi mzee, mpole, ila mdomo wake hauna breki. Aliumimina kwenye sahani, akavua miwani, akaivaa tena.

"Nani amepika mboga hii?" akauliza.

"Majirani, daktari. Walinipenda."

"Wamekupenda vibaya, mama."

Kabla ya kunipa chochote aliniuliza habari za mwili wangu mpaka nikachoka. Kama nina kifafa, kama figo au moyo unanisumbua, kama natapika, kama dawa yoyote imewahi kunifanya nijikune. Alisema dawa ya msafiri haichaguliwi kwa safari peke yake, inachaguliwa kwa msafiri. Nikamweleza habari ya mara ile, na kwamba mama mkwe wangu hataki kuiona kwinini. Nilitegemea atacheka.

Hakucheka. Alisema, "Mama mkwe yako si mjinga. Mtu mzima hana homa, ana mimba, anameza kwinini ya bure, mimi pia naogopa." Akaisukuma sahani kando. "Lakini siku ile wewe ulikuwa mgonjwa sana. Homa ndiyo imetoa mtoto. Kwinini imebakisha mama yake."

Mama, nililia pale pale mbele ya watu. Miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza kama nilimeza kifo cha mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe. Nakuandikia ili nawe uutue mzigo huo, maana najua wewe ndiwe uliyemwita dresa. Ulifanya vizuri kumwita. Kama usingemwita, leo Petero hangekuwa na barua ya kusoma.

Vya njano alivikataa, akasema huchafua tumbo na wengine huwavuruga akili, na mwenye mimba havimfai. Koplo aliposikia alisema sasa ameelewa mengi kuhusu sajenti wake. Vile vya Jumapili ni vipya, daktari mwenyewe bado anavitazama, kwa hiyo hawezi kunipa mimi. Alichonichagulia ni kidonge kidogo cheupe cha kila siku. Amewapa wanawake wengi wenye mimba na hajaona ubaya wake. Nakimeza asubuhi baada ya chakula, nimeshaanza kabla ya safari, sitaruka hata siku moja, na hata nikirudi Nakuru nitaendelea mwezi mzima. Alitamani nibaki hapa nijifungue. Nikamwambia kuna nyanya anayengoja. Akakuna kichwa, akasema basi niende, lakini nilale ndani ya chandarua, na mwili ukichemka nikimbizwe zahanati, kwa sababu kidonge hupunguza hatari tu, hakiimalizi.

Sasa ombi langu. Nakuja na mkebe ule ule wa kakao, umeoshwa, ndani yake mna aina hiyo moja tu. Najua nyumbani kulivyo. Shangazi atasema kichwa kinamgonga, jirani atasema viungo, kila mmoja ataomba kimoja, na mimi mkaza mwana siwezi kumnyima mtu mzima. Wewe unaweza. Nikifika nitakukabidhi mkebe mbele ya wote. Ukae nao chumbani mwako, na kila asubuhi unipe kimoja kwa mkono wako, pamoja na maji. Kikitoka mkononi mwako nitakimeza bila woga, na wewe utaona kwa macho yako kwamba mtoto bado anacheza.

Wandera akipata likizo tutapanda treni ya Butere, halafu basi. Msalimie baba kwa heshima zote, mwambie tumbaku yake inakuja. Msalimie wifi yangu msusi wa mikeka, nataka mmoja wa kumlaza mtoto. Shangazi naye msalimie, asinikasirikie kwa niliyoandika. Petero, ahsante kwa kusoma, sasa ukamtafutie mama maji, sauti yako imemliza.

Mama, wa kwanza ulimpokea akiwa kimya. Huyu nataka umpokee akipiga kelele.

Ni mimi mkaza mwanao,
Rebeka