Rubani Aliyetoka na Mifuko Mitupu

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile uliyotoka kununua mkate, ukatuacha roho juu.

Ulikuwa fundi majokofu, lakini mtaa mzima ulikuita Rubani, maana vitani uliendesha ndege ya mabomu. Hukupenda kusimulia. "Mimi nilikuwa juu," ulisema. "Waulizeni waliokuwa chini." Puto likipasuka kwenye sherehe ya wajukuu, ulikuwa umeshatoka nje kabla wao hawajalia.

Ulikuwa na moyo. Wingu jeusi likijikusanya, ulipiga hodi nyumba kwa nyumba: "Anueni nguo jamani, hili halina utani!" Mara nyingine halikudondoka hata tone. Majirani wakakucheka, nawe ukacheka nao.

Tabia moja tu ilimkosesha Mama raha. Vitani, kabla ya kuruka, marubani mliamriwa kuacha kambini barua, picha na vitambulisho, ili mkitekwa adui asijue mmetoka wapi. Vita viliisha, wewe hukuiacha tabia hiyo. Kila ukitoka ulimwaga mifuko mezani. Mama akashona namba yake ya simu ndani ya kola ya koti lako. Ukaifumua. "Mke wangu, unataka wanikamate?" Tukacheka. Laiti tungejua!

Siku ile ulianguka barabarani ukiwa na pesa ya mkate tu. Siku mbili tulizunguka vituo vya polisi na hospitali, Mama viatu mkononi, miguu imevimba. Tulipokupata ulikuwa umeshatutoka. Kwenye kitanda waliandika "Hajulikani".

Tangu hapo Mama hatulii. Hutukagua mifuko mlangoni, hata mkwe haponi. Na moja lilimla moyo: je, ulituita tusiitike? Mwezi uliopita alipiga moyo konde, akamtafuta muuguzi aliyekuwa zamu siku ile.

"Tulimuuliza jina, mama, akakataa katakata. Akaniuliza, 'Ninyi ni wa upande gani?'"

"Ukamjibu nini, mwanangu?"

"Nikamshika mkono. Nikamwambia, 'Wa upande wako, baba.' Akashusha pumzi, akalala."

Mama alimkumbatia, akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Unakumbukwa na mkeo, watoto wako watatu, mkweo, wajukuu, na mafundi wenzako wa karakana. Hutatutoka moyoni, Baba, maadamu tuko hai.