Kiinitete cha Siku ya Sita

Mado,

Mume wako hakuwa na koti lililopigwa pasi, wala chai, wala mtu wa kumtia moyo, lakini ametoka kwenda shambani. Ukirudi kutoka sokoni, geuza sombe, hayo majani ya muhogo yaliyo motoni. ~~Usimbakizie.~~ Mbakizie.

Asubuhi mkwe wetu Nadine alipiga simu kutoka Kigali: kiinitete walichomwekea tumboni kilikomaa kule maabara siku ya sita, si ya tano. Ukacheka: "Mvivu kama babu yake, huyo hatashika!" Nadine akasikia, akazima simu.

Mume wako alianza shule ya usiku akiwa na miaka arobaini, na diploma aliipata. Daktari naye anasema wa pole pole pia hushika. Hayo ndiyo Nadine ameandikiwa. Bahasha imefungwa, Mugisho wa pikipiki ameondoka nayo kwenda Kigali.

Babu wa huyo mvivu