Mbuzi Wabaki Kwanza Butembo

Beni, Jumapili jioni

Baba mpendwa,

Mko namna gani huko nyumbani? Mgongo wa Mama umepoa? Nyinyi mna baridi yenu ya Butembo. Mimi hapa joto na magunia ya kakao vinanimaliza, ila mwili ni mzima. Moyo ndio umechoka. Ningekupigia simu, lakini ungecheka kabla sijamaliza.

Baba, usilete mbuzi wa mahari kwanza. Ni kwa sababu ya échecs, mchezo wa sataranji ulionifundisha mwenyewe. Katika mashindano ya parokia, mechi ya mwisho ilinikutanisha na Papa Paluku, baba yake Masika, yule yule tunayetaka kumpelekea mbuzi. Ukumbi umejaa. Nilikuwa nimemshika vizuri: malkia wake amekwenda, mfalme wake kajibanza pembeni. Lakini mkwe ni mkwe. Ningemuuaje mfalme wake na kutangaza "échec et mat" mbele ya parokia nzima? Nikampa mkono, nikaomba sare. Akautazama ubao muda mrefu, akakubali.

Nilidhani nimeonyesha heshima. Kesho yake akaniita kwake.

"Ulinihurumia," akasema. "Mutu mwenye anaogopa kumaliza kazi, nitamupatia mutoto wangu namna gani? Tucheze tena. Mbuzi zingoje mpaka mumoja wetu ashinde."

Basi kila Jumapili baada ya misa tunakaa ubaoni. Sasa namshambulia bila huruma hata chembe, na kila mara tunatoka sare. Sare ya kweli, Baba, na hakuna anayeniamini. Kazini wananiuliza kama nitaoa au nitazeeka na kete mkononi. Nimekasirika.

Leo nimemlalamikia Masika.

"Wewe hauone?" akanijibu. "Leo papa alikuwa anaweza kukushinda, akarudisha farasi nyuma. Siku mutamaliza, mi natoka kwake. Na tangu mama alikufa, iko mimi tu kwa nyumba."

Ulinifundisha kuangalia mwenzangu anataka nini kabla ya kugusa kete. Sasa nimejua anachotaka: ndicho hicho hicho ninachotaka mimi. Hapo, Baba, hukunifundisha la kufanya.

Nisalimie Mama, dada Katungu wa dukani, na kaka yangu wa pikipiki, aendeshe polepole. Mbuzi walishwe vizuri.

Mwanao mwenye hasira,
Kambale